Salamu Niliyoitikia Jikoni

Mwalimu wangu Mwende,

Pole. Naanza na pole kabla ya salamu, na kwetu Mambrui hiyo si adabu, lakini wewe utanivumilia. Mwalimu aliyeshika ofisi yako ya ushauri nasaha amemwambia Rukia wangu kwamba umefiwa na mama, na tangu mazishi hupokei simu ya mtu. Sisi tumepiga, ikalia weee mpaka ikakatika. Ndipo nikaamua kuandika. Wewe ndiye uliyeanza kuniandikia, wakumbuka?

Na barua zako zilikuwa kali. Zilikuja tatu, Rukia akiwa gredi ya sita. "Mwanao ana kiburi, akiitwa jina haitiki. Fika shuleni bila kukosa." Mimi nilikuwa eda. Baba Rukia alitoka asubuhi kwenda kazini kwenye mashamba ya chumvi Gongoni, pikipiki aliyopanda ikagongwa njiani, nikaletewa maiti. Kutoka nyumbani singeweza mpaka miezi minne na siku kumi zitimie. Kila barua ilipofika nilimwambia mtoto, "Kamwambie mwalimu mama yuko eda." Yaani nilimtuma maneno mtoto ambaye kosa lake lote ni kwamba hasemi. Nyumbani pia alikuwa kimya, nami nikadhani ndiyo heshima ya msiba. Nikikumbuka najionea haya.

Ukaja mwenyewe, viatu vimejaa mchanga na uso umeukunja. Ukasimama mlangoni. "Mama Rukia, nimekuandikia mara tatu."

Nikakwambia niko eda. Ukauliza, "Eda ndiyo nini?"

Nilikasirika, sikufichi. Nikasema moyoni, huyu wa bara wametuletea wa nini? Nikakueleza kwa mkato, huku nimekupa ubavu. Ukavua viatu, ukakaa mkekani.

"Basi mimi ndiye niliyekosa," ukasema. "Wewe huwezi kuja shule, nitakuja mimi."

Ukawa waja kila Alhamisi. Mimi nilijiandaa kwa maswali, wewe hukuuliza kitu. Ulinikuta nachambua mchele, ukashika upande wa pili wa ungo, Rukia ukampa nafasi katikati. Na kuchambua hujui, mwalimu. Ulitupa mchele ukaacha mawe, tukayatafuna wiki nzima. Rukia alicheka siku hiyo, nami nilikuwa nimeshasahau mwanangu acheka vipi.

Alhamisi ya tatu Rukia akasema, macho yake hayatoki kwenye ungo, "Sikumuitikia baba salamu."

Asubuhi ile alikuwa amenuna kwa sababu babake alimkataza kwenda harusini Malindi. Babake alipofika mlangoni akitoka akatoa salamu ya kuaga, yeye akageuza uso. Tangu hapo akiitwa na mtu ulimi haunyanyuki. Alituambia, "Kama baba sikumuitikia, hawa wengine nitawaitikiaje?"

Nikakutazama wewe, maana wewe ndiye uliyesomea mambo haya. Ungeweza kumwambia maneno mazuri yale ya vitabuni. Ukasema polepole tu, "Mimi sikuwepo asubuhi hiyo. Mama ndiye aliyekuwepo."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Nilikuwa jikoni, mikono imejaa unga, nikaitikia, "Waaleikum salaam." Sikupaza sauti, lakini babake alisikia, maana aliniagiza nimbakizie mahamri. Na Rukia alikuwa ameshafundishwa kwenye chuo cha Kurani kwamba watu wa nyumba wakitolewa salamu, akiitikia mmoja wao imewatosha wote. Alilijua hilo vizuri sana. Asilolijua ni kwamba mimi niliitikia. Hakuniuliza, nami sikuwahi kumsimulia asubuhi ile hata mara moja, kila mmoja akimchunga mwenzake asilie.

Nikamwambia yote hayo, naye akalia mapajani mwangu mpaka adhana ya alasiri. Wewe ukaendelea kututupia mchele wetu. Jumatatu yake akaitwa jina darasani, akaitika. Leo yuko gredi ya tisa na mdomo wake hauna breki, walimu wanalalamikia hilo sasa.

Kisha ukahamishwa, ukarudi karibu na kwenu Kitui. Nimesikia jambo jingine, na tafadhali usimkasirikie aliyeniambia. Eti siku aliyofariki mama yako alikupigia mara mbili, nawe ulikuwa ofisini na mtoto anayelia, hukupokea. Nadhani hilo ndilo lililokufunga mdomo. Imeniuma sana, mwalimu, maana mtoto huyo angeweza kuwa wangu.

Nilichomwambia Rukia siwezi kukwambia wewe. Sikuwepo kwenu, na maneno ya kubuni sikuletei. Shule zikifungwa tutakuja, mimi na yeye. Ukitaka kusema utasema, ukinyamaza tutakaa nawe. Ungo nabeba wangu, na mawe utatuachia sisi.

Lakini usitungoje. Dada yako alikuwepo nyumbani, ndiye aliyekuwa akimuuguza mama, na nasikia hata yeye simu yake huipokei. Mpigie. Muulize mama alisema nini simu ilipokosa kupokewa, na nani alimjibu. Pengine kuna mtu aliitikia, wewe hukusikia.

Mwenzako wa mkekani,
Mama Rukia