Kibuyu Kilichorudi Kinanukia

Jumatatu, 3 Februari

Nimekamua saa kumi na moja. Lelgo lita sita. Silvia nne na teke. Nyasi zimekauka mpaka kwenye uzio wa uwanja wa ndege. Vumbi Kapseret nzima. Mvua ni mwisho wa Machi, kama Mungu atatukumbuka.

Saa nne nimekwenda mjini kuchukua kifurushi kwenye ofisi ya basi. Kibuyu kimerudi kutoka Mombasa. Kitupu, kimefungwa gazeti, hakuna barua. Nimefungua kifuniko pale pale kaunta nikanusa. Ile ile. Harufu tamu ya moshi ambao si wangu.

Kila mwezi namtumia Kibet mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Ni mwanangu wa pekee, yuko mwaka wa nne chuoni huko. Kibuyu nakiosha mwenyewe, nakipaka ndani mkaa wa mti wa senetwet kama mama alivyonifundisha, najaza maziwa, nangoja yagande. Yeye anakunywa, anarudisha kibuyu. Miaka mitatu kilirudi kichafu, kinanuka maziwa ya zamani. Sikulalamika, ndivyo vijana walivyo. Tangu Oktoba kinarudi kimesuguliwa mpaka mkaa wote umetoka. Na kinanukia.

Kibet hajawahi kuosha hata kikombe chake. Kuna mtu.

Mara ya kwanza nilidhani karani wa basi amemwaga marashi. Mara ya pili ilikuwa kile cha shanga, alichonipa mama siku ya harusi yangu. Nilikisugua mara tatu, harufu ikakataa kutoka. Nikakichoma nyuma ya zizi. Niliumia, lakini nilifanya lililofaa. Kisha Desemba Kibet hakuja Krismasi. Alisema ana kazi ya chuo. Kazi ya chuo, Krismasi. Nimefundisha miaka thelathini na mbili. Uongo wa mwanafunzi naujua hata ukija umevaa tai.

Jumanne, 4 Februari

Nimempelekea Mama Njoki kibuyu anuse. Ana duka hapa senta, na aliishi Mombasa miaka miwili kabla ya kuolewa. Hakuhitaji kunusa mara ya pili.

"Mwalimu, hii ni ubani. Hii si kitu ya kuoshea vyombo. Huko chini watu wako na majini."

Akakiweka chini, akajipangusa mikono kwa aproni. Kisha akaniuzia kiberiti, eti kama bado nataka kuchoma.

Jioni nimempigia Kibet. Salamu, masomo, joto. Sauti yake nyembamba. Nyuma yake mwanamke akaita: Kibet, njoo ule, chakula kinapoa. Nikauliza ni nani huyo. Akasema ni redio.

Redio inayomjua kwa jina.

Ameoa. Au amebadili dini. Au amerogwa. Yote matatu yanaweza kuwa moja.

Jumatano, 5 Februari

Naenda. Sijamwambia. Mgeni aliyetoa taarifa huonyeshwa sebule tu.

Ng'ombe nimemwachia Barno, jirani. Namshuku kidogo kuhusu maziwa ya jioni, lakini sina mwingine. Nimebeba kibuyu kimoja kilichoiva, Biblia, sweta, na chupa ndogo ya mafuta ya upako aliyoniombea mchungaji.

Mama Njoki ameuliza kwa nini nisimwachie ng'ombe wifi yangu Rael, na shamba lake liko hapo chini tu. Anajua vizuri kwa nini. Sisemi na Rael tangu tumzike mume wangu. Wiki ile ya mwisho ni yeye aliyekuwa akimpikia uji. Daktari alisema ni figo. Daktari hakuuonja ule uji.

Ijumaa, 7 Februari. Mombasa

Nimefika asubuhi. Nimeshuka nimeshika sweta, na watu wameiangalia kuliko walivyoniangalia mimi.

Joto la huku si la jua peke yake. Linatoka ukutani. Linatoka kwenye kiti ukikikalia, hata kwenye maji ya bomba. Nimepata gesti Kisauni. Feni inazungusha joto lile lile. Nimeoga mara tatu na bado ilikuwa saa nane.

Kabla ya hapo nilikwenda chuoni. Nilitaka kwanza kujua kama bado ni mwanafunzi. Askari wa langoni alinielekeza idarani, na karani, msichana mpole, akatazama kwenye kompyuta. Jina lipo. Moyo ukatulia. Kisha akasema Kibet hakufanya mitihani ya Desemba, ataifanya Aprili, ruhusa anayo. Barua ililetwa na mamake.

Nikamwambia mamake ni mimi.

Akaangalia kitambulisho changu, akaangalia kompyuta, akasema pole, pengine amechanganya. Hakuchanganya. Uso wake ulisema hivyo.

Nimekaa kwenye ngazi za idara yao nusu saa. Wanafunzi wamenipita wakiniamkia shikamoo. Wanafunzi wa huku wana adabu sana. Hilo nalo sikulipenda.

Kuna mwanamke amejifanya mimi. Naogopa.

Jumamosi, 8 Februari

Nyumba nimeipata. Anwani iko kwenye karatasi ya kifurushi, na Kisauni ukiuliza watu wanakupeleka mpaka mlangoni. Nilimsimamisha aliyekuwa akinipeleka mwanzo wa kichochoro. Mbele ya nyumba kuna muuza maji ya miwa. Nikaketi kwenye benchi lake. Glasi nne, saa moja na nusu. Akaniuliza kama namngoja mtu. Nikasema napumzika. Akasema joto hili hata yeye aliyezaliwa hapa linamshinda.

Mwanamke akatoka. Si msichana. Mkubwa kuliko mimi, sabini hivi, mnene, leso mbili. Ana chetezo mkononi, kile kijungu cha makaa. Akakiweka barazani, akatia kitu, moshi ukapanda. Harufu ikavuka njia ikanifikia. Nilikishika kibuyu kwa mikono miwili.

Kisha akatoka Kibet. Amevaa kikoi. Amekonda. Shingo imebaki kama ya kuku aliyenyonyolewa. Mwanamke alikuwa anainua ndoo ya maji, Kibet akamwahi.

"Wacha, Mama, nitabeba."

Nilisikia vizuri. Mama.

Sikuvuka njia. Nimerudi gesti nimejilaza na viatu. Nina wivu. Naandika hivyo kwa kuwa hakuna atakayesoma. Miaka ishirini na mbili jina hilo limekuwa langu peke yangu.

Jumapili, 9 Februari

Sikwenda kanisani. Nimekwenda kule.

Nilikuwa nimepanga maneno. Mwanamke alifungua mlango, akatazama kibuyu kabla ya kunitazama mimi.

"Mama Kibet. Umechelewa, lakini karibu."

Nikavua viatu, nikaingia.

Anaitwa Bi Zuhura. Mjane. Wanawe wako ng'ambo, amempangisha Kibet chumba cha uani tangu Agosti. Kibet alikuwa ametumwa mkate. Nikakalishwa, nikaletewa maji kwenye bilauri. Nikanusa. Ubani. Nikayaweka chini. Pale pembeni mtungi ulikuwa umefunikwa juu ya chetezo, mdomo chini, unakula moshi. Nikauliza ni kwa ajili ya nini. Akanitazama kama nimeuliza sabuni ni ya nini. Maji yapate kunukia, alisema. Mamake alifanya hivyo, na bibi yake.

Nikauliza barua ya chuo. Sikuzunguka.

Akasema yote, bila kuinua sauti. Mwanzo wa Desemba Kibet alishikwa na malaria, ikampanda kichwani. Siku tisa hospitalini, mbili hajui alipo. Wodini hawaruhusu mtu kulala isipokuwa mzazi, akasema ni mamake. Alilala kwenye mkeka chini ya kitanda. Alimwosha. Mitihani ikapita, akaenda chuoni na karatasi za daktari, na kule pia akasema ni mamake, maana uongo ukishauanza sharti uumalize. Kila siku alimwambia Kibet anipigie. Kibet alikataa.

Nilitafuta tundu. Nikauliza wodi gani, dawa gani, tarehe gani. Akajibu yote kama mwanafunzi aliyesoma. Nikauliza tena tarehe. Akajibu ile ile.

Kibet akaingia na mkate. Aliponiona alisimama mlangoni kama amefumaniwa akiiba. Nikamuuliza mbele ya yule mama kwa nini hakuniambia. Aliweka mkate mezani.

"Mama, ningekuambia, haungekuja kunitunza. Ungekuja kutafuta nani ameniroga."

Nilitaka kukasirika. Sikupata pa kuanzia. Nilikuwa na chupa ya mafuta ya upako mkobani.

Mwanangu alikuwa anakufa na aliniogopa mimi kuliko kufa. Hilo ndilo nimeliandika hapa ili nisije nikalibadilisha baadaye.

Bi Zuhura akasema tule. Samaki wa kupaka, wali. Kisha akaniuliza kile kibuyu cha shanga, kizuri kile, kilifika salama? Alikisugua kwa uangalifu zaidi kwa sababu ya shanga. Nikasema kipo nyumbani. Kibet alicheka kidogo, akamweleza kuwa kile ni cha nyanya yake, kinatoka siku maalum tu.

Nikayanywa yale maji. Yana ladha ya moshi. Yalikuwa baridi.

Jumatatu, 10 Februari

Basi ni jioni. Asubuhi nimerudi kwa Bi Zuhura wakati Kibet yuko darasani. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamwambia kile cha shanga nilikichoma. Nikamwambia na sababu.

Aliendelea kuchambua. Nikahesabu punje ngapi amezitupa, nisimtazame usoni. Kisha akaweka ungo chini.

"Mimi cha kwanza kilipofika nilitia mkono ndani, ukatoka mweusi. Nikamwambia Kibet, mamako anakulisha majivu, huyo si bure. Nilitaka kukitupa baharini."

Kibet alimzuia. Alimweleza ni mkaa, ni dawa ya maziwa, kwetu ndivyo ilivyo. Hakuamini. Alikisugua siku mbili kwa mchanga, mpaka mkaa ukaisha. Baadaye akaona haya kumrudishia mtu chombo kitupu, kwao si adabu. Lakini angetia nini kwenye kibuyu cha watu asiowajua? Akakifukiza. Na kila mwezi akafanya hivyo hivyo.

Nikacheka. Naye akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha mimi nikalia, na hilo sikulitarajia. Hakunibembeleza. Alinisogezea ungo, tukachambua ule mchele wote.

Nimemwachia mursik nikamwonyesha namna ya kutikisa. Ameonja kwa ncha ya kijiko. Uso wake nitausimulia mpaka kaburini. Akasema Kibet ana bahati, atakunywa peke yake.

Mafuta ya upako yamevuja mkobani kwa joto. Sweta imeharibika.

Jumatano, 12 Februari

Nyumbani. Lelgo tano, Silvia nne. Barno anaapa hakuna kilichopungua. Nimenyamaza. Imenigharimu.

Mama Njoki alikuwa ananingoja. Nimemweleza. Amesikitika kidogo, nadhani alitaka majini. Nimemrudishia kiberiti chake.

Jumapili, 23 Februari

Baada ya ibada nimeteremka kwa Rael na kibuyu kidogo cha maziwa. Miaka mitatu sijakanyaga kwake. Mbwa amenibwekea kama mwizi. Nimebisha mara mbili. Hakuwa nyumbani. Au alikuwapo.

Nimekiacha mlangoni.

Jumamosi, 1 Machi

Kibuyu kidogo nimekikuta asubuhi juu ya nguzo ya lango langu. Ndani kuna unga wa wimbi. Wa uji.

Nimeutazama sana. Nimeupika. Nimekunywa vikombe viwili.

Alhamisi, 13 Machi

Mawingu upande wa Sugoi, bado mvua. Kifurushi kimefika. Nimesubiri mpaka nyumbani ndipo nikafungua. Safari hii mkaa haukusuguliwa wote, umebaki kwenye shingo na chini. Harufu ni ile ile, imechanganyika na ya kwangu. Sikukisugua. Nimekipaka senetwet juu ya ubani wake, nikajaza maziwa ya Lelgo.

Saa nne Kibet amepiga. Mwenyewe, sikumpigia. Amesema kichwa kinamuuma tangu jana na mwili una baridi. Amesema Bi Zuhura ameshavaa buibui, wanakwenda kupima, watakuwa na jibu saa nane, atanipigia. Nikasema sawa, baba. Nilikuwa na maswali kumi. Alikula wapi juzi, na nani, nani alipika. Nikauliza moja tu, kama amelalia neti. Akasema ndiyo.

Nimefagia zizi. Nimemwaga maji ya kunywa ya ndama nikayajaza upya, ingawa yalikuwa masafi.

Alisema saa nane. Sasa ni saa tisa na nusu. Simu iko hapa mapajani. Sijapiga.