Kondoo wa Fainali

Kasongo, Jumanne, mwezi wa sita 1955

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Yakubu, Kabambare.

Asalaam aleikum, Baba. Naomba barua hii ikukute mzima, kikohozi kimekuachia, na mguu unakufikisha msikitini bila mtu kukushika mkono. Wasalimie wote wa nyumbani, na majirani pia, hata yule anayeingiza mbuzi wake shambani mwetu.

Mimi ni mzima. Nilijifungua Jumatatu ya wiki iliyopita, mikononi mwa mama mkwe wangu Mama Zaina, na sikupata shida kubwa. Mtoto ni mzima, ananyonya bila huruma, na sauti anayo. Naandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu ulizonifundisha, kwa sababu Raphaël dereva wa lori atakayekuletea barua hii anasoma zile za misheni tu, na mambo yaliyomo humu sitaki yasomwe njiani.

Najua unataka kusikia jina. Unakumbuka agano letu na mume wangu Abedi, alilolisema mbele yako akiwa amekaa kwenye mkeka wako: akizaliwa mwanaume, jina litoke kwao, akizaliwa mwanamke, ataitwa Mwavita, ili jina la marehemu Mama lisilale kaburini pamoja naye. Wewe ukafurahi, ukamtuma mtu kutoka Kabambare mpaka hapa, kwa miguu, akileta kondoo dume wa siku ya jina. Kondoo alifika amenona. Vumilia kidogo, Baba, kwanza nikusimulie wanaume wa mji huu.

Huko kwenu mmesikia, bila shaka, kwamba Radi ya Kasongo imechukua Kombe mbele ya timu yenu. Watu wa Kabambare waliokuja kwa lori walirudi kimya, na nimeambiwa wengine wenu wamekataa kula. Watu wazima, wenye wajukuu, wanakataa ugali kwa sababu ya mpira! Lakini walioshindwa angalau wamekaa kimya. Njoo uwaone walioshinda.

Abedi, kama unavyojua, ni fundi wa kushona. Zamani nilimsifu kwako kwamba ana akili, na sasa namwomba Mungu anisamehe uongo huo. Klabu ilimpa kazi ya kushona jezi na kubeba bendera, na tangu siku hiyo nimekaa na bendera, si na mume. Wiki ya fainali wachezaji waliwekwa kambini kwenye shule ya misheni, naye akaenda kulala nao, mtu ambaye hajawahi kupiga mpira ukafika mbali. Uchungu uliponishika, wifi yangu Hawa alikwenda kumwita. Akajibu kwamba nijikaze, na yeye anajikaza huko.

Mtoto alipozaliwa, Hawa alirudi tena kambini kumwambia kwamba mtoto amefika na mama yake ni mzima. Abedi akamkumbatia, akawakumbatia na wachezaji, akasema kwamba hiyo ni alama ya ushindi. Akaagiza mtu yeyote asimsomee mtoto adhana sikioni, kwa sababu hiyo ni haki ya baba, na baba atakuja baada ya fainali. Hakuuliza neno lingine. Hawa alisimama pale akingoja swali, na alipoona halitokei akarudi nyumbani.

Siku ya saba ikaangukia Jumapili yenyewe ya fainali. Sisi wanawake tulikuwa tayari tangu asubuhi. Wali ulipikwa, wembe wa kunyolea nywele za mtoto ulinolewa, kondoo wako alioshwa akafungwa uani. Mwalimu Moustapha wa chuo cha Kurani, aliyepaswa kuomba dua, alikuja amevaa kanzu nyeupe. Akakaa kidogo, akasikia ngoma upande wa uwanjani, akasema anakwenda kuwaangalia wanafunzi wake wasije wakakanyagwa. Hakurudi. Mashemeji nao wakaenda kumtafuta Mwalimu. Kufikia adhuhuri, uani alibaki mwanaume mmoja tu, na huyo alikuwa kondoo.

Hawa aliutazama mpira kupitia ufa wa ua wa matete unaozunguka uwanja, na aliyoniambia nayaamini kuliko ya Kasongo nzima. Bao lilikuwa moja. Alilifunga Gaston, kijana wa misheni anayefua nguo za masista. Wakati huo Gaston alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu. Mchezaji wenu mmoja akautandika mpira kwa hasira, ukamgonga Gaston kisogoni, ukaruka mpaka golini. Gaston mwenyewe aligeuka kutazama nani amempiga. Hilo ndilo bao, Baba. Lakini kabla jua halijazama, wanaume walikuwa wanasimulia kwamba Gaston aliruka juu ya mabeki wawili. Leo Jumanne ameshafika juu ya mabeki wanne, na kila anayesimulia anaonyesha kwa shingo yake mwenyewe.

Na wote wanasema “tumewapiga”. Tumewapiga nani, na nani kapiga? Ni hawa hawa wanaovua kofia wakiona vumbi la gari la yule Mzungu wa serikali, Bwana wa Teritwari, wanaolimishwa pamba wasiyoitaka na kuwapigia wake zao kelele za kuwaonyesha nani ni mwanaume. Bwana huyo huyo aliwapa kombe la bati lililopakwa rangi ya dhahabu, wakalibusu mpaka rangi ikawabaki midomoni. Hawa amewaona. Jana walikuwa wanapita sokoni midomo inang'aa, wakiulizana kwa nini watoto wanawacheka.

Jumapili hiyo jioni nilikuwa kitandani niliposikia wimbo unakuja kwetu. Nikasema, basi, pamoja na ujinga wote, wamekumbuka. Nikamfunga mtoto kitambaa kipya, nikaketi, nikajitengeneza. Abedi aliingia uani amejifunika bendera, na kundi zima nyuma yake. Hakuingia chumbani. Alisimama nje ya pazia akapaza sauti: “Mama mutoto! Tumewapiga Kabambare! Mutoto wangu ni Gaston! Atakuwa mupiga-mipira!” Kundi likaitikia Gaston, Gaston. Halafu nikasikia kondoo wako analia, analia akienda mbali.

Walimchinja kwenye njia panda ya soko, Baba. Mwalimu Moustapha, kanzu imejaa matope, sauti imekauka kwa kupiga kelele, ndiye aliyeshika kisu. Akapiga bismillahi, akatangaza kwamba huyu ni kondoo wa jina la mtoto wa Abedi, anayeitwa Gaston. Kisha wakamla, Waislamu na Wakristo, wakisifu nyama ya Kabambare kwamba ni laini kama mabeki wa Kabambare. Kondoo uliyemlea kwa mkono wako wameshangilia kwa nyama yake kushindwa kwa mji wako. Sikulia. Nilikasirika mpaka maziwa yakakauka siku nzima, na mtoto akalala na njaa akilia. Hilo sitamsamehe Abedi upesi.

Jana asubuhi alikuja mgeni ambaye sikumtazamia. Gaston mwenyewe. Alisimama mlangoni na kuku mkononi, kuku aliyetumwa na mama yake, akaomba radhi kwa Mama Zaina. Alisema amesikia jambo la jina na ameona haya, kwa sababu yeye hakufunga bao lolote, mpira ulimgonga tu na kichwa bado kinamuuma. Alisema amejaribu kuwaeleza watu wakamwambia anyamaze, asiharibu furaha. Halafu akauliza swali ambalo mwanaume yeyote wa Kasongo, baba yake mtoto akiwa wa kwanza, hakuwa ameliuliza tangu Jumatatu ile: “Lakini mama, mutoto iko mwanaume ao mwanamuke?”

Mama Zaina alicheka mpaka akakaa chini. Kwa sababu, Baba, nimejifungua mtoto wa kike.

Ndiyo. Huyu Gaston wao, aliyeimbiwa na mji mzima, ambaye rais wa klabu ameshamwahidi viatu, ni msichana, ana paji la uso la Mama na kidole kidogo kilichopinda kama cha Mama. Wanaojua ni mimi, Mama Zaina, Hawa, na sasa Gaston, aliyeziba mdomo kwa mikono miwili na kuapa kwa Maria wake kwamba hatasema. Nilitaka kumwambia Abedi siku ile ile, nimtupie maneno kupitia pazia. Mama Zaina, aliyemzaa huyo Abedi na anamjua, akanizuia. Alisema: “Umuache. Mutu hakuuliza, tumujibu nini?” Basi tumemwacha. Anakuja mara moja kwa siku, anagonga mlango, anauliza Gaston anaendeleaje, naambiwa nijibu ananyonya, najibu ananyonya, naye anarudi njia panda kusimulia bao. Jana ameleta jezi ndogo aliyoishona mwenyewe. Kitambaa ni kizuri, kinanyonya maji. Nimemfunga nayo mtoto matakoni.

Sasa sikiliza ombi langu. Wewe ulinifundisha kwamba siku ya saba ikipita, siku ya kumi na nne bado ipo. Hiyo ni Jumapili ijayo. Kondoo yule wa njia panda alichinjwa kwa mtoto ambaye hayupo, kwa hiyo mtoto wangu bado hana jina, hajanyolewa, na sikio lake halijasikia adhana. Najua nakuomba kondoo wa pili na mguu wako unauma. Raphaël amekubali kukupakia mbele pamoja naye, na kondoo nyuma. Usimwambie mtu yeyote njiani, hata ukiulizwa habari za mjukuu wako Gaston. Ingia uani mchana, watu wakiwa wamejaa. Abedi ataitwa, naye atakuja, kwa kuwa atafikiri ni sherehe nyingine ya Kombe. Hapo nitafungua pazia na kukuwekea mtoto mikononi mbele yao wote. Akimtaka Gaston, amzae mwenyewe.

Mama alizaliwa mizinga ya Wazungu inalia katika mji huu, na hata siku ile, watu wakikimbia, baba yake alisimama akamwita jina kabla hawajakimbia. Mwanangu amezaliwa siku za amani, na wanaume wote walikuwepo. Njoo umwite, Baba. Mimi namwita kwa siri, sikioni, akinyonya, na kila mara anaacha kunyonya ananitazama.

Salamu zangu zifike kwa kila mtu wa nyumbani, na kaburini kwa Mama umwambie.

Ni mimi binti yako,
Faida, mama wa Mwavita.