Tomas Amenibeba Tena

Bibi, shikamoo.

Kahawa uliyonitumia kutoka kijijini Poli imefika. Tomas, mwenzangu ninayecheza naye dansi ya kuteleza kwenye barafu, ameinywa karibu yote. Baridi ya Kanada nimeizoea. Asubuhi za Meru zilishanifundisha.

Sikukuambia kwamba mwezi wa tatu aliniangusha mashindanoni, nikavunjika bega. Nilipopona aliogopa kuninyanyua.

"Tafuta mwingine," akasema.

"Sitafuti. Ninyanyue."

Tulianza upya, taratibu, miezi minne. Jana alininyanyua juu ya kichwa chake kwa mkono mmoja, uwanja umejaa, nami sikufumba macho. Tumepata medali ya fedha. Sasa tunajiandaa kwa mashindano ya dunia.

Mama hajui habari za bega. Mwambie wewe, lakini anza na medali.

Mjukuu wako mzima kabisa,
Eliakunda