Wimbo Ulioachwa Nje ya Kaseti

Naserian mjukuu wangu, takwenya. Huku Kitengela tuko wazima, na babu yako ameanza tena kutembea bila fimbo.

Umeniuliza kwa nini wimbo wangu hauko kwenye kaseti ya nyimbo bora za bendi yetu ya roki. Kakangu ndiye aliyechagua, miaka ya tisini. "Huo watu hawaupendi," akasema.

Nilitupa gitaa kitandani, nikatembea hadi Kisaju, hasira ikinisukuma. Huko nikamkuta mama muuza maziwa akiuimba huku akiosha mitungi, maneno ameyakosea.

"Umeutoa wapi?"

"Sijui. Uko tu kichwani."

Sikumwambia ni wangu. Nilimwomba auimbe tena, nikakaa chini nikamsikiliza.

Ni mimi, koko wako.