Sanduku Lililokaa Kwenye Kiti Changu

Goma, mtaa wa Murara

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mdogo wangu Mwanaisha anakusomea haya ukiwa umeshatoka kwenye mwani, umekaa mkekani na miguu yako imekauka. Kisigino kinaendeleaje? Ule mwiba uliokuchoma siku ya kunitafutia mawe umetoka wote, au bado unatembelea vidole? Na bibi, kikohozi kimempungua? Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula, nasoma, nasali. Jema ninaloweza kukuambia ni hilo tu.

Najua lori liliposimama ulitazama mlango wa upande wa abiria, na Mwanaisha pengine alikimbia. Akashuka Papa Musafiri, dereva, peke yake. Akakupa bahasha hii na sanduku jeupe la barafu. Mama, sanduku hilo ndilo lililokaa kwenye kiti changu kutoka Goma mpaka Tanga. Mimi sikuja, na likizo kubwa yote nitaimalizia huku. Baba mkubwa atakuwa ameshakueleza kwa simu kwa nini. Maneno yake si ya uongo, lakini hayakukamilika, na ndiyo maana naandika.

Tangu baba alipofariki na baba mkubwa Ramazani akanichukua ili nisome, hapa nyumbani jina langu ni mutoto wa bahari. Mwanzoni lilikuwa jina la utani. Mwaka huu likawa kazi. Baba mkubwa alikwenda Dar kununua mali, akaona katika hoteli moja tangi la kioo lenye matumbawe na samaki wa rangi. Aliporudi aliniita sebuleni.

"Shabani, weye ni mutoto wa bahari, ao ni bongo, uongo tu?"

"Ni kweli, baba mkubwa."

"Bon. Minataka bahari hapa, pembeni ya televizyo. Bakwe ba Zawadi batakuya kuposa mwezi wa sita. Bakute samaki ya bahari mu salon ya Ramazani. Ukiweza, likizo kubwa unapanda lori ya Musafiri, unaenda kuona mama yako. Mwezi muzima."

Mimi, mama, sikuwahi kufuga hata kuku. Lakini nilisikia "mama yako" na "mwezi mzima", nikasema naweza. Kisha nikaenda kutafuta jinsi ya kuweza. Kwenye maktaba ya shule kuna kitabu cha Kifaransa chenye picha, kinachoeleza habari za matangi ya maji ya chumvi. Nilikinakili karibu chote kwenye daftari, maana hakiruhusiwi kutoka.

Tangi nililitengenezesha kwa fundi wa vioo wa hapa Murara. Kazi yake ni kutengeneza makabati ya wauza maandazi. Nilipomwonyesha vipimo alikuna kichwa.

"Hii ni ya mandazi?"

"Hapana, ya samaki."

"Samaki ya kukaanga?"

"Samaki wazima, fundi."

"Wazima?" Akawageukia wenzake. "Mukuye musikie! Ziwa iko pale chini, samaki wanaogelea bure, huyu anataka kuwajengea nyumba!" Wakacheka mpaka nikasahau kumwambia kioo cha chini kiwe kinene. Ilibidi nirudi kesho yake, nikasimama mlangoni muda mrefu kabla ya kuthubutu kuingia.

Ndipo nikakuandikia wewe na Mwanaisha. Sikujua nilichokuwa nakiomba. Papa Musafiri alinieleza baadaye jinsi ulivyongoja bamvua, maji yalipokupwa mbali kabisa, ukatembea mpaka kule kwenye mwamba, ukachagua mawe yaliyolala yenyewe mchangani, yenye uhai juu yake, bila kuvunja hata tawi moja la tumbawe. Alisema uliyafunga moja moja kwa khanga mbichi. Na yale madumu ishirini ya maji ya bahari mliyajaza nyinyi wawili. Mpakani, afisa mmoja alichovya kidole kwenye dumu, akaonja, akatema. "Munaleta maji ya chumvi Kongo? Kwani sisi tumekosa chumvi?" Papa Musafiri anaisimulia hadithi hiyo kila anapopita, na kila mara afisa huyo anatema mbali zaidi.

Nyumba za huku zimejengwa juu ya mawe ya volkano, meusi kila mahali, uani, barabarani, kwenye kuta. Nilipoyafungua mawe yako kwenye ukumbi yalikuwa na rangi ya waridi, zambarau, kijani. Yalinuka nyumbani. Nilifunga mlango kwanza, nikayanusa peke yangu.

Kwa wiki sita tangi lilikuwa na mawe na maji basi. Kitabu kinasema lazima mtu asubiri, kuna vijidudu vidogo vinavyosafisha maji, navyo vinakaa ndani ya mawe na kuongezeka polepole. Rafiki za baba mkubwa walikuja kunywa chai wakamcheka. "Ramazani, unafuga mawe? Inazaaka?" Baba mkubwa alinitazama vibaya, lakini nilisubiri. Goma kuna baridi, hasa mvua ikinyesha mchana, nikalizungushia tangi blanketi langu. Umeme ulipokatika na pampu kusimama, nilichota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu ili hewa iingie, mkono mmoja kikombe, mkono mwingine daftari la kemia. Siku moja nilifanya hivyo kuanzia saa nane mpaka adhana ya magharibi.

Kisha safari ya pili Papa Musafiri akaleta wale samaki wawili wadogo wenye mistari meupe, na yule kaa anayeishi ndani ya kombe la konokono. Mama, waliishi! Mezani baba mkubwa aliacha chakula chake kipoe akiwatazama. Zawadi, binti wa baba mkubwa, ambaye ni bibi harusi na hanijali sana, alimpa kaa jina la mchumba wake. Mawe yako yalitoa vitu nisivyovijua, vijiminyoo vyenye manyoya, konokono wadogo kama punje ya mchele. Nilihesabu aina kumi na moja. Nilikuwa nimeanza kupanga nguo za safari.

Sasa lazima nikueleze habari za dawa.

Hapa maji mengi tunayachota ziwani, Kituku. Kuna ugonjwa wa kipindupindu, kwa hiyo pale ufukweni anakaa kijana mwenye bomba la sindano, na kila dumu linalotoka anatia klori kidogo. Hakuna anayepita bila hiyo dawa. Mama mkubwa, Mama Zawadi, hata hilo halimtoshi. Mtoto wa dada yake alikufa katika kambi ya wakimbizi ya Mugunga kwa sababu ya maji machafu, akiwa mikononi mwake. Tangu siku hiyo ana chupa yake mwenyewe jikoni, na dumu lolote linaloingia uani kwake analitia dawa tena. Nyumba nzima inanuka klori. Nguo, vikombe, hata chai. Ukikaa wiki mbili huisikii tena.

Madumu yako matano yalikuwa yamebaki uani, yamejaa maji ya bahari, nikiyatunza kwa siku ya kubadilisha. Yalikuwa ya njano kama ya ziwani. Mimi nilijua klori inaua samaki na vile vijidudu vyote. Nilikuwa nimefundishwa darasani, mtihani wa klori nilipata kumi na nane juu ya ishirini. Basi niliandika karatasi tano kwa mwandiko wangu mzuri: MAJI YA BAHARI. USITIE DAWA. Nikazibandika, moja kwa kila dumu, nikaenda shule nimeridhika.

Mama Zawadi hajui kusoma. Na mimi nilijua hivyo. Ujumbe wote unaoingia kwenye simu yake, mimi ndiye ninayemsomea, karibu kila siku, tukikaa kwenye kizingiti cha jiko. Ningeweza kumwambia kwa maneno manne. Lakini unanijua, kuongea kunanishinda. Niliona kuandika ni rahisi zaidi, nikaandika, nikaona kazi imekwisha.

Jumamosi, siku moja kabla ya wageni, nilitoa theluthi ya maji ya tangi na kumimina yale ya madumu, ili yang'ae. Sikunusa kitu. Nilikuwa nafuta kioo Mama Zawadi alipopita na beseni la sombe, kisamvu cha huku, kichwani.

"Shabani, ile maji yako niliisha kuitilia dawa, juzi. Bidon yote tano. Nilisikia inanuka samaki, nikaongeza kidogo."

Alisema akitabasamu. Alifikiri amenisaidia.

Nilichukua kikombe nikaanza kutoa maji, lakini pa kuyamwaga nilikuwa napo, pa kupata mengine sikuwa napo. Bahari iko mbali siku nne. Samaki walipanda juu wakawa wanafungua mdomo kwenye uso wa maji. Mmoja alianza kulala ubavu. Kaa alitoka nje ya kombe lake, uchi kabisa, jambo ambalo hafanyi akiwa mzima. Kabla ya adhuhuri hapakuwa na kinachotembea. Usiniulize juu ya wale vijiminyoo.

Baba mkubwa alirudi kutoka msikitini akakuta nimekaa sakafuni.

"Umefanya nini?"

Nilikuwa bado nimeshika kikombe.

"Minakuuliza! Umeweka nini mu maji?"

Mama Zawadi alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha sahani. Alikuwa ameshaelewa, niliona kwenye macho yake. Nilimsubiri, mama. Niliwaza, atasema sasa hivi. Atasema, Papa Zawadi, ni mimi, sikujua. Nilimsubiri muda ambao ningeweza kusoma ukurasa mzima. Alikunja kile kitambaa mara mbili, akaenda jikoni.

Na mimi pia sikusema. Wengine wakijua wataniona mwema, kwamba nilimstiri. Sikumstiri. Sauti haikutoka, basi.

"Mutoto wa bahari ameua bahari," akasema baba mkubwa. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. "Sasa utabaki. Likizo yote unatengeneza ingine. Mama yako atatuma mawe ingine, bahari haiishe."

Jioni ya siku ileile Mama Zawadi alinipakulia sambaza, wale dagaa wa ziwa, wengi kuliko wa baba mkubwa mwenyewe. Aliweka sahani mbele yangu bila kunitazama. Niliisukuma kwa Zawadi. Kesho yake Mama Zawadi aliniletea simu nimsomee ujumbe. Nilimsomea, neno kwa neno, na sikuongeza neno langu. Tunaishi hivyo mpaka leo.

Ngoja nikueleze wageni walivyosema, halafu nimalize. Matumbawe na mawe yakifa katika dawa yanapoteza rangi. Jumapili, baba mkubwa alipowasha taa ya tangi, mawe yako yalikuwa meupe pe. Baba wa mchumba, muzee mwenye kofia ya hariri, alisogeza kiti.

"Eh, Ramazani! Hii njo bahari? Iko mweupe kama sukari! Muzuri sana."

"Imetengenezwa na mutoto wa ndugu yangu," akasema baba mkubwa. "Samaki iko njiani. Ya harusi itakuwa imefika."

Wakanipongeza. Muzee yule alinishika kichwa, akaniombea dua. Nilisema ahsante. Yalikuwa maiti tupu, mama, mawe yote uliyoyabeba kwa miguu inayotoka damu, na watu walikunywa soda mbele yake wakisifu.

Nisalimie bibi, mwambie bado nina tasbihi yake. Nisalimie mjomba Hemedi, mvuvi wa pweza aliyewakamata wale samaki wawili kwa chandarua. Usimwambie walivyokufa, sema tu wamekufa. Nisalimie mwalimu wangu wa darasa la saba, na umwambie kemia naiweza kwenye karatasi.

Sasa Mwanaisha, mdogo wangu, hapa msomee mama polepole, na umsomee mara mbili. Usimwachie barua mkononi ukaenda kucheza, nimeshajifunza.

Mama, sanduku hilo limetumwa lijazwe. Papa Musafiri atakaa Tanga siku tano, na bamvua iko ndani ya siku hizo, baba mkubwa ameshahesabu. Atakupigia simu kwa sauti yake nzuri. Usiingie majini. Usimtafutie hata kokoto. Mwambie kwa mdomo wako, maana wewe unaweza: kiti kilikuwa cha mtoto, likaletwa sanduku. Mtoto akifika ndipo mawe yatatoka. Kisha ulirudishe tupu kama lilivyo, uliweke kwenye kile kiti na ulifunge mkanda, baba mkubwa alikute limekaa hivyo mlango wa lori utakapofunguliwa hapa.

Nami siku hiyo nitakuwa nimesimama uani. Nitajitahidi nisiandike. Nitajitahidi niseme.

Mwanao anayekukumbuka kila siku,
Shabani