Mikono Iliyomshika Mphonyana

Gauteng, 14 Agosti

Dada yangu Tshinakaho,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na shemeji, na mama hapo Tshakhuma. Je, mguu wake umepungua uvimbe? Mashonzha uliyonitumia, viwavi vitamu vile, yamefika salama; nimeyala na ugali wetu wa vhuswa siku tatu mfululizo, mpaka jirani akaniuliza kama nina mimba. Mwili ni mzima, dada. Kichwa ndicho sikielewi, ndiyo maana nimechelewa kukujibu.

Mwezi Juni, hapa wodi ya watoto njiti, tulimpokea Kelebogile, mama anayeuza maandazi ya magwinya nje ya stesheni. Alijifungua mapacha wa kike wa wiki ishirini na nane, Mpho na Mphonyana, kila mmoja hata kilo moja na robo hafikishi. Ana maneno huyo! Kila asubuhi aliingia akiuliza, “Sista Livhuwani, wapangaji wangu wamelalaje? Hawajavunja kitu?” Wodi nzima ilimpenda.

Wiki ya tatu Mpho akaanza kusahau kupumua. Tukadhani ni bakteria, tukampa antibayotiki. Siku mbili baadaye maabara ikatuambia ni fangasi, tena ndani ya damu. Si ule utando mweupe wa mdomoni tuliouzoea. Hawa wa kwenye damu huua. Tukaanza dawa ya fangasi tunayoitumia siku zote. Mara Mphonyana naye akalegea. Kisha yakaja majibu mengine: fangasi hao ni sugu, dawa yetu kwao ni kama maji. Daktari akaagiza ile kali zaidi. Mpho alifariki saa nne asubuhi, kabla ya dozi ya pili. Mphonyana, mwenye fangasi walewale na dawa ileile, akapona. Nilimuuliza daktari kwa nini. Akasema angekuwa anajua angeniambia.

Baada ya mazishi walikuja watu wa kuzuia maambukizi, wakapangusa kwa pamba masinki, masanduku ya joto ya kulazia watoto na viganja vyetu sote. Fangasi walionekana kwenye sinki moja, kwenye sanduku moja, na kwenye mikono ya wauguzi wawili. Majina hayakutajwa hadharani. Kila mmoja aliitwa pembeni.

Dada, mmoja ni mimi.

Tangu Mei nilikuwa na kidole kilichopasuka kwa kunawa sana. Nilijua natakiwa kusema. Lakini tulikuwa wauguzi wanne kwa watoto kumi na wanane. Ningeondoka mimi, nani angebaki? Nikabandika plasta, nikavaa glavu, nikanyamaza. Nilipokiri kwa Sista Mkuu Makhaya, hakufoka. Alisema, “Huwezi kujua, mwanangu. Labda ulimpa mtoto, labda mtoto ndiye aliyekupa, labda sinki liliwapa nyote.” Maneno hayo nimeyageuza kila upande. Kuna saa yananipoza, kuna saa naona heri angenitukana.

Nilitolewa wodini nitibiwe kidole. Alhamisi iliyopita, siku Mphonyana anaruhusiwa, nikaenda kumweleza Kelebogile mwenyewe, maana la kidole hakuna aliyemwambia. Nilimweleza lote, pamoja na yale yasiyojulikana. Aliitazama mikono yangu muda mrefu. Akasema, “Na mimi nilikuwa nakuombea.” Basi. Halafu akaniwekea mtoto mikononi, akasema, “Mshike, nifunge mizigo.” Nikamshika. Alipomaliza akamchukua, akamfunika vizuri kichwa, akatoka bila kuniaga.

Mpaka leo sijui, dada. Ule ulikuwa msamaha, au hapakuwa na mtu mwingine karibu wa kumshika? Wewe umelea wanne. Niambie mama humpa nani mtoto wake.

Msalimie sana shemeji na watoto. Mama msomee barua hii, ila ukifika kwenye kidole, ruka.

Ni mimi mdogo wako,
Livhuwani