Chuma Kipya Chini ya Tangi

Jumanne

Bora chuma kile kisingelifunguliwa. Fundi Masanja, pale gereji ya Nyegezi, alikuwa ananibadilishia chuma cha kukinga tangi la mafuta, kile kilichopondwa na mawe ya mlimani kwetu. Alipokishusha likaanguka tope la miaka, na tangi juu yake limeoza kwa kutu. Nilipogusa, kidole kililoa mafuta. Kumbe chuma ndicho kilichokuwa kinatunza tope lililoliozesha.

"Kaka, hili tangi limekwisha. Nikufungie tu hicho kipya?"

Nikasema funga. Tangi jingine siwezi kulinunua, na bila gari sina kazi.

Nyumbani mke wangu aliinama, akaona chuma kinavyong'aa. Akafurahi. "Basi Jumamosi tumpeleke mama kule Bujora."

Nimekubali. Sijui kwa nini; habari ya tangi sijamwambia.

Mama ameshaanza kufunga mizigo.